Times New Roman Saizi 12: Mwongozo kwa Mwenye Shida ya Barua, Ngara na Biharamulo

Kama umeshuka kwenye bodaboda mbele ya stesheneri, iwe Ngara mjini au Biharamulo, una fleshi mfukoni na unachotaka ni barua ambayo ofisi haitairudisha, mwongozo huu ni wako. Haufundishi kujenga hoja. Hoja unazo, na kama huna, jirani yako anazo za kutosha. Unafundisha kuivalisha hoja herufi zinazokubalika, kwa sababu kwenye dirisha la masijala hoja husomwa mwisho, na siku nyingine haisomwi kabisa. Kinachopimwa kwanza ni sura ya karatasi.

Sura inayokubalika ni moja: Times New Roman, saizi 12. Hakuna atakayekuuliza unataka fonti gani, na ukiuliza wewe, foleni nzima itageuka kukutazama. Sikiliza mazungumzo yanavyokwenda:

"Shikamoo mzee. Barua yako tayari, nikutolee ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Hebu kwanza. Mbona maandishi yangu hayafanani na ya ile barua ya mtendaji?"

"Hiyo ni Calibri, mzee. Nimesahau tu kubadilisha."

"Basi badilisha. Sitaki kuitwa ofisini kuulizwa maswali."

Mzee hajui Calibri ni mnyama gani, lakini hakukosea. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na tangu Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowasaka wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma, mkazi wa huku anajua kwamba karatasi ndiyo inayoamua ulale kwako au ulale ng'ambo ya daraja la Rusumo. Mtu wa namna hiyo hafanyi majaribio ya fonti. Anataka barua yake ifanane na barua zote zilizowahi kupita salama.

Ijue asili yake

Mwaka 1929 Stanley Morison, mshauri wa mambo ya herufi katika kampuni ya Monotype ya Uingereza, alilisema gazeti la The Times la London kwamba limechapwa vibaya na limepitwa na wakati. Kwetu anayeisema ofisi namna hiyo huandikiwa barua ya kujieleza. Yeye alipewa kazi ya kurekebisha. Morison akatoa mwelekeo, Victor Lardent, mchoraji wa idara ya matangazo ya gazeti hilo, akashika penseli, na tarehe 3 Oktoba 1932 gazeti likawafikia wasomaji likiwa na herufi mpya.

Shika mazingira hayo, maana ndiyo yanayoeleza tabia zake zote. Safu ya gazeti ni nyembamba na karatasi ni gharama. Kwa hiyo herufi zikabanwa mbavu ili maneno mengi yaingie kwenye mstari mmoja. Herufi ndogo kama a, e na n zikaongezwa kimo, zionekane kubwa hata zikichapwa kwa saizi ndogo. Vichwa vya h na k, na mikia ya g na y, vikafupishwa ili mistari isogeleane. Ndani ya herufi moja kuna mstari mnene na mstari mwembamba, na ncha zote zimechongwa kali. Ni fonti ya bahili aliyevaa suti, na labda ndiyo sababu Hazina za dunia hii zimeipenda.

Gazeti lenyewe liliiacha mwaka 1972. Haikujali. Mwaka 1992 ilipanda Windows 3.1, na kuanzia hapo ikaingia kila ofisi bila barua ya utambulisho. Mwaka 2007 Microsoft iliipokonya nafasi ya fonti ya kuanzia kwenye Word ikampa Calibri. Mwaka 2023 Calibri naye akapokonywa, akapewa Aptos. Taarifa za mabadiliko hayo hazijafika masijala, au zimefika na ziko kwenye jalada zinasubiri dokezo.

Na usidhani ni sisi tu wenye msimamo kuhusu jambo hili. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliamuru Times New Roman saizi 14 mwaka 2004, ikaihamia Calibri mwaka 2023 kwa hoja kwamba inasomeka kwa urahisi zaidi, kisha Desemba 2025 ikaamuru watu warudi Times New Roman. Dola yenye ndege za kivita inabadilisha fonti kwa waraka. Wewe ni nani ubishane na mhudumu wa masijala?

Jaribio la Nyakanazi

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu barua nyingi hufia hapa.

Herufi za Times New Roman zina vijiguu miguuni na kichwani. Mafundi wa herufi huviita serifu. Kazi yake ya kwanza utaiona ukiandika neno ambalo bila hilo hakuna barua ya serikali ya Kiswahili: Ili. Liandike kwa Arial. Unapata vijiti vitatu, na cha tatu tu ndicho chenye nukta. I kubwa na l ndogo kwa jicho la kawaida hazitofautiani. Liandike kwa Times: I kubwa imesimama juu ya kibao chake, l ina bendera kichwani, kila mmoja anajulikana kwa jina lake. Kwa lugha inayoanza nusu ya maagizo yake na "Ili kuhakikisha", huo ni msaada wa kitaifa.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Nimesema mistari mingine ni minene na mingine ni myembamba. Chukua jina la njia panda ya malori ya Rusumo, Kahama na Kigoma, uliandike kwa herufi kubwa: NYAKANAZI. Litazame kwa karibu. Katika N, mlalo wa katikati ni mnene lakini nguzo zake mbili ni nyembamba. Y mkono wake wa kulia ni mwembamba. A mguu wa kushoto ni mwembamba, na kile kijiti cha katikati pia. K mkono wa juu ni mwembamba. Z imebebwa na mistari miwili myembamba, juu na chini. Katika herufi tisa, ni I peke yake isiyo na udhaifu.

Jina hilo likitoka kwenye printa yenye tona nzima halina tatizo. Tatizo ni kwamba barua ya huku haiishi maisha ya nakala moja. Inatolewa kopi kwa mtendaji wa kata, kopi hiyo inatolewa kopi, kopi ya kopi inapigwa picha kwa simu, picha inatumwa WhatsApp, kisha inaprintiwa tena kwenye mashine ambayo tona yake imetikiswa ili imalize wiki. Kila hatua inakula mistari myembamba. Mwisho N inabaki mlalo mmoja mweusi, A inabaki mguu mmoja, na mbele ya afisa kuna safu ya vijiti vilivyoegemea pande tofauti, juu yake muhuri ulio wazi kabisa. Afisa atauamini muhuri. Mahali unapotoka atakuuliza kwa mdomo.

Herufi ndogo nazo zina lao. Kijiti cha kulala ndani ya e ni chembamba kuliko vyote. Kikiondoka, e ni c. Ndivyo Rulenge, makao ya kwanza ya jimbo la Kikatoliki wilayani Ngara, linavyogeuka Rulcngc ndani ya kopi tatu. Biharamulo linajitahidi zaidi, ila h ikikatika bega na m ikikatika mabega mawili, utasoma kitu kilichoandikwa na mtu aliyesinzia.

Fanya hivi. Majina ya mahali yaandike kwa herufi ndogo, kubwa ya mwanzo tu. Herufi kubwa mfululizo ndizo zenye mistari myembamba mingi. Kwa fomu itakayotolewa kopi kijiji kizima, kichwa kiwe boldi. Boldi ya Times ni mtoto wa baba mwingine, nene na imesimama wima kuliko ndugu yake, na ukiitazama sana haifanani naye, lakini inavumilia mashine mbovu. Au tumia fonti yenye mistari isiyopishana sana unene: Bookman Old Style, kama kompyuta inayo, au Georgia. Georgia ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya kusomwa kwenye kioo cha kompyuta, ikatolewa mwaka 1996, na ni imara. Ila usiitumie kwenye bajeti. Tarakimu zake hazikai kwenye kimo kimoja. 3, 4 na 9 zinashuka chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda. Mweka hazina wa kikundi akiona 3,698,000 inarukaruka atadhani kuna mtu ameichezea, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Kuhusu YAH

Kila barua ina mstari unaoanza na YAH, na kila mwandishi anaamini mstari huo hautoshi mpaka uwekewe herufi kubwa, boldi, mstari chini, na ikiwezekana italiki. Baadhi huongeza nukta mbili, kistari, na nukta mbili tena.

Mazoea haya yana ukoo. Taipureta haikuwa na boldi wala italiki. Wahazili waliofundwa Chuo cha Uhazili Tabora walikuwa na silaha mbili za kusisitiza, herufi kubwa na mstari wa chini, na walizitumia kwa nidhamu. Kompyuta ilipokuja ikaleta silaha nyingine, na sisi badala ya kuziacha za zamani tukazirundika zote juu ya mstari mmoja.

Kitaalamu, mojawapo inatosha. Boldi peke yake inasikika hadi mlangoni. Mstari wa chini kwenye herufi ndogo unakata mikia ya g, j, p na y, na Kiswahili bila g, j, p na y hakijengi hata sentensi ya salamu. Lakini huu ni mwongozo wa mtu mwenye shida, na mwenye shida hashindani na mila. Herufi kubwa zibaki, boldi ibaki, mstari ubaki. Italiki tu ndiyo nakusihi uitoe. Italiki ya Times ni nzuri, imelala kwa adabu, na mahali pake ni jina la kitabu au la gazeti. Kuiweka kwenye "YAH: KUOMBA KIBALI CHA KUVUNA MITI" ni kumvika shela mtu anayekwenda kukata kuni.

Kurasa, mapengo na pesa

Fonti iliyotengenezwa kwa safu nyembamba ya gazeti tumeitandaza kwenye A4 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiacha pambizo za kawaida za Word, mstari mmoja wa Times saizi 12 hubeba karibu herufi 90. Wachapaji wa vitabu hupenda mstari wenye herufi 60 hadi 70 na kidogo, kwa sababu mstari ukirefuka jicho likifika mwisho linasahau lilitoka wapi, linarudi kwenye mstari uleule. Ndiyo maana vyuo vingi hutaka nafasi ya mstari na nusu kati ya mistari: inalipa jicho njia ya kurudi. Mwanafunzi anadhani ni mateso. Kwa upande wa pochi ni mateso kweli, kwa kuwa stesheneri hutoza kwa ukurasa.

Hapo ndipo ubahili wa Times unapokufaa. Hoja ileile kwa Arial au Bookman saizi 12 inakula karatasi zaidi, kwa kuwa herufi hizo ni pana. Kwa hiyo unayelipa kwa ukurasa, shikamana na Times. Na wewe unayetakiwa kupeleka kurasa kumi huku una mawazo ya kurasa saba, Bookman ni rafiki wa kweli. Mwalimu anajua. Naye aliipita njia hiyo.

Kisha kuna tamaa ya kunyoosha kingo zote mbili. Kitufe chake kiko palepale juu na kila mtu anakibonyeza. Kiingereza chenye maneno mafupi kinastahimili. Kiswahili kina "wasiojiandikisha" na "yaliyokwishawasilishwa", maneno ambayo yakikosa nafasi mwisho wa mstari yanahamia mstari wa pili na mizigo yao yote, na mstari ulioachwa unavutwa mpaka ujae. Kwenye barua ya ukurasa mzima utapona. Kwenye tangazo la safu mbili, mapengo yatajipanga kutoka juu hadi chini, na msomaji atafuata pengo badala ya maneno. Nyoosha kushoto tu. Upande wa kulia uache uyumbe. Mtendaji akiuliza mbona haujanyooka, mwambie ndivyo programu ilivyo. Jibu hilo halijawahi kukataliwa katika ofisi yoyote.

Acha pia nafasi chini kabisa, kama vidole vinne, bila maandishi. Muhuri utakuja. Usipouachia nafasi utajitafutia wenyewe, na mara zote unakaa juu ya namba ya simu.

Mahali pa kuiacha nyumbani

Kadi ya mchango wa harusi haichapwi kwa Times, sheria hiyo nimeikuta na sitaibadilisha. Inachapwa kwa herufi za mkunjo: Monotype Corsiva, Edwardian Script na jamaa zao. Sawa. Ila herufi za mkunjo zimechorwa ili kubwa moja itangulie na ndogo zifuate zikishikana mikono. Ukiandika jina lote la bwana harusi kwa herufi kubwa za Edwardian Script, kila moja inajipamba kivyake, hazishikani, na ukoo wa bibi harusi utasoma jina la mtu mwingine. Na namba ya kutumia pesa, ile ya M-Pesa au Airtel Money, iandike kwa Times, boldi, saizi 14. Tarakimu za Corsiva zimeinama. 3 na 8 zikitoka kopi hafifu ni mapacha. Kuna mtu Sumbawanga anapokea michango ya harusi za Ngara na anashangaa tu baraka za Mungu.

Tangazo linalosomwa kwa mbali nalo halihitaji serifu. Vibao vya njia panda vimeandikwa kwa herufi zisizo na vijiguu, nene sawasawa kila mahali, kwa sababu dereva wa semi anavisoma akiwa mwendoni na hana muda wa kupendezwa. Serifu ni za mtu aliyekaa na kusoma mistari kwa mistari. Wasomi wamebishana miaka mingi kama kweli zinasaidia jicho kukimbia, na tofauti waliyoipata ni ndogo. Sisi tunazipenda kwa sababu tumezizoea, na mazoea nayo ni msaada wa kusoma.

Redio ndiyo mahali pekee ambapo fonti haina sauti. Ukipeleka tangazo la msiba Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, msikilizaji wa Murusagamba hatajua kama ulitumia Times au mkaa. Lakini mtangazaji ana macho. Mwekee saizi 14 au 16, nafasi pana, na usikate jina la marehemu katikati ya kurasa mbili. Jina la Kihangaza, lugha ya Ngara, lenye silabi sita likikatwa, nusu ya pili husomwa na mtu aliyekwisha kata tamaa.

Na sasa jambo litakaloniletea maadui. Kuna fonti ambayo wachora herufi wa dunia nzima wanaicheka, Comic Sans. Mwalimu wa darasa la kwanza, itumie. Tazama a ya Times: ina kofia juu ya tumbo. Tazama g yake: ina matumbo mawili na sikio. Mtoto uliyemfundisha ubaoni a ya duara na mguu, na g ya duara na mkia, anapewa mtihani wenye herufi ambazo hajawahi kuziona katika maisha yake yote ya miaka sita. Anaandika jina la wilaya yake, Ngara, na zaidi ya nusu ya herufi zake kwenye karatasi ya mwalimu ni wageni. Comic Sans ina a na g za ubaoni. Century Gothic pia inazo, kama unaona aibu.

Hati ya shamba

Sehemu hii isomwe kwa sauti ya chini.

Mwaka 2017 nchini Pakistan, familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif iliwasilisha hati zenye tarehe ya Februari 2006. Zilichapwa kwa Calibri. Wachunguzi wakauliza swali dogo: Calibri ilianza kutolewa kwa umma Januari 2007, hati hizi ziliipata wapi mwaka mmoja kabla? Mahakama ya Juu ilimvua Sharif madaraka Julai mwaka huo kwa kosa jingine, lakini kila anayejua Calibri anaikumbuka kesi ile kwa Calibri.

Huku nako kuna mashamba, na kuna hati za mauziano zinazoibuka ghafla mzee akishazikwa. Zina tarehe ya 1996, zimenyooka kingo zote mbili, kwa Calibri saizi 11. Anayetengeneza karatasi kama hiyo atakuja kuomba ushauri, na ushauri wangu ni mfupi: hata ukiibadilisha kuwa Times haitakusaidia. Mwaka 1996 shamba kijijini liliuzwa kwa kalamu ya Bic kwenye karatasi ya daftari, mistari ikipanda mlima, mashahidi wakatia dole gumba lililochovywa wino, na mmoja wao alikosea jina lake akalikata. Baraza la ardhi likiona hati nadhifu ya mwaka huo litaanza kukusifu kwa maendeleo, na sifa hizo zina mwisho mbaya.

Kama umeandikia kwenye simu

Wengi siku hizi huandika barua ya kazi kwa simu, ndani ya WPS, usiku, bando likiwa la bei nafuu. Asubuhi wanaipeleka stesheneri kwa WhatsApp. Ikifunguliwa kwenye kompyuta imebadilika: saini imehamia ukurasa wa pili peke yake, "Wako katika ujenzi wa taifa" imebaki ukurasa wa kwanza bila mwenyewe.

Hakuna mchawi. Simu haikuwa na Times New Roman, ikaweka fonti nyingine kimyakimya huku ikiendelea kuonyesha jina lilelile pale juu. Herufi za fonti hiyo zina upana tofauti, mistari ikakatika mahali pengine. Dawa ni mbili. Ya kwanza, hifadhi kama PDF ukiwa kwenye simu yako, baada ya kuhakiki kwamba saini iko mahali pake; hapo fonti inasafiri ndani ya faili na hakuna kompyuta itakayoibadilisha. Ya pili, kama uko kwenye kompyuta ya LibreOffice isiyo na Times, chagua Liberation Serif. Ni ya bure, ilitolewa mwaka 2007, na upana wa kila herufi umepimwa ulingane na Times New Roman, kwa hiyo mistari haihami. Masijala haitagundua. Wewe mwenyewe hutagundua.

Wanaoandika Kihangaza au Kishubi kwa alama za toni juu ya irabu, wale wachache wenye moyo huo, watafute Gentium ya shirika la SIL. Nayo ina serifu, nayo ni bure, na imechorwa na Victor Gaultney kwa kufikiria lugha kama hizi tangu mwanzo, wala si kwa kubandikiwa alama baadaye. Kiswahili chenyewe hakihitaji anasa hiyo. Kinachohitaji ni ule mkato wa juu katika ng'ombe, na Word ikijaribu kuugeuza uangalie upande mwingine, bonyeza Control na Z mara moja, itaacha ubishi.

Ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili usiiogope. Kompyuta inadhani umeandika Kiingereza kibaya. Haiprintiwi.

Ukimaliza yote hayo na barua bado ikarudishwa, usibadilishe neno. Muulize mhudumu kwa upole, "Samahani mama, nirekebishe wapi?" Akisema fonti, rudi stesheneri. Akisema nembo, rudi stesheneri. Akisema mwenye kuhusika atarudi baada ya chakula cha mchana, kaa kwenye benchi, na usimwonyeshe mtu yeyote mwongozo huu.